Makoti ya Roze ku Mulima ya Kipese

Ninyi benye mumebaki na meza yangu pale sokoni Butembo, muliniomba niwaachie maneno ya kazi mbele ya kuenda kupumzika. Mulisema, na ile sauti yenu ya kuomba chumvi: "Mama Kanyere, utuambie siri." Siri gani? Mutu mwenye hata jina lake hajui kuandika, siri ataiweka wapi? Mimi naongea tu. Kavugho wa meza ya viatu njo mwenye anaandika. Kama kuko makosa, ni ya Kavugho. Andika hiyo pia, Kavugho, usiruke.

Kazi yangu ilikuwa kuvalisha batu benye kupanda mulima, bawindaji zaidi ya bote. Hapa Butembo tunasema tunajua baridi. Hapana. Baridi ya mujini inasalimia na kupita. Ile ya juu ya Kipese, mu mianzi kwenye nguruwe ya pori inalalaka, ile inaingia ndani, inakaa, inaomba chakula. Mutu akienda kule na nguo mubaya, anarudi na kikohozi, ao anarudi amebebwa.

Mimi nilifika ku hiyi kazi kupitia mugongo. Nilikuwa nabeba viazi kwetu Kipese, mugongo ikakataa. Mama muzee moja wa Butembo, Mukaka Masika, alikuwa na meza ya makoti ya friperie, ile mitumba ya Ulaya, akanihurumia. Mukaka, njo nyanya, mama ya muzazi, mu Kinande, luga yetu. Bote tulimwita hivyo, hata bazee benye balimupita myaka. Alikuwa anavuta tumbako ya pua, basi maneno yake yote yalikuwa yanatokea mule mule: "Kanyeeere, Nyamuhanga Muumba alikupa mikono ao alikupa vijiti?" Siku ya kwanza alienda kunywa chai, akaniachia meza. Chai moja tu!

Ikakuya mwindaji, mutu mukubwa, kichwa kama sufuria ya arusi. "Mama, natafuta koti ya juu." Mimi nikatazama mu mulima ya manguo, nikaona kitu nyeupe, nzito, laini, na mukamba wake ya kufunga ku tumbo. Nikamwambia, na sauti ya mutu mwenye amefika Ulaya mara mbili: "Papa, hii njo koti ya bakubwa kule. Wanavaa hii kwa kuwinda simba." Alivaa, akajifunga, akaenda nayo kama askofu.

Ilikuwa robe de chambre. Ya kutokea nayo mu kuoga.

Alirudi nyuma ya siku kidogo, yeye na ndugu yake, wameitundika ku muti, mumoja mbele, mwingine nyuma, kama vile banabeba nyama. "Mama," akasema, polepole, "koti yako ilikunywa mvua yote ya Lubero. Nguruwe alipita hapa karibu, hapa! Mimi nilikuwa nakamua." Soko yote ilicheka. Mupaka Mukaka alikufa, kama nikikosea kitu alikuwa ananiuliza tu: "Kanyere, na simba, wa-li-mu-u-wa?"

Lakini alinifundisha. Uzi. Unatosha, njo kutoa, uzi moja ndani ya koti, unaichoma. Ikinuka kama nywele, ni laine, sufu ya kondoo, nunua, hata iko na matundu: laine ikilowa inakuwa bado na moto kidogo ndani. Ikijikunja na kufanya katone kagumu, ni nylon, inafaa kuvaliwa juu juu ya zingine kwa upepo. Ikiwaka tu kama karatasi, ni coton, pamba, na coton ku mulima ni adui mwenye kukukumbatia. Mimi nilichoma ma uzi mingi mupaka siku moja nikachoma kilemba yangu.

Kiisha makelele. Unashika mukono ya koti, unasugua karibu na sikio. Kama inasema kwaa-kwaa, mupatie mwalimu, ao katekista. Nguruwe ya pori haina macho ya kuona mbali, lakini iko na masikio na pua kushinda mama mukwe. Na juu ya pua, pale nilikosa tena. Manguo ya friperie inatoka mu baloti, yale mafurushi makubwa, na ile harufu ya dawa ya mende. Mimi nikajiona mwenye akili, nikafua makoti yote na sabuni ya harufu ya maua. Bawindaji balipanda bananuka kama bibi-arusi. Nguruwe balihama kilima. Mukaka akatundika makoti mu jikoni, juu ya moto ya kuni, siku kazaa, mupaka yote inuke moshi. "Moshi," akasema mu pua, "kila nyama ya hapa inajua moshi, haiiogopi. Tena inafukuza chawa. Nguruwe haendagi misa, Kanyere, maua ya nini?" Ninyi bote ba sasa munanyunyiza parfum ku manguo. Munajua bei ya parfum. Munajua pua ya nguruwe?

Boti, viatu ya matope: ya kautchou, ule mupira, kubwa kupita muguu, sababu soseti mbili zinataka fasi. Mangaribi unajaza ndani maganda ya maharagi makavu, inakunywa maji yote. Soseti ya tatu unavaa ku mikono. Basi. Hiyo njo masomo yangu yote, primaire na université.

Makoti tulikuwa tunaenda kuchukua Beni. Beni ni chini, kuko joto, hata mbuzi inatembea inatafuta kivuli. Bamama ba Beni wakifungua baloti na kukuta makoti, banatupa kando na matusi: "Nani atavaa kitu hii hapa, Shetani?" Mimi njo huyu, nashuka kutoka kilima na furaha, nachagua. Na sababu sikuamini mufuko, nilikuwa navaa. Tatu, ine, moja juu ya ingine, mu jua ya Beni, natembea mupaka ku lori. Bapikipiki balikuwa balisha kunijua. "Mama Baridi! Bonjour Mama Baridi! Theluji inanguka huko ndani?" Siku moja nilianguka ku barabara sababu ya joto. Mimi, mwenye kazi yake kukinga batu na baridi, baliniamusha na ndoo ya maji baridi.

Kiisha ikakuya vita. Ile ya kwanza ilipita mbio, tulifunga meza na kufungua. Ya pili ilikaa. Basoda baliwekwa Kipese, batu ba majimbo ya mbali. Na mu mianzi mulikuwa bale ba pori, bapiganaji bengine, benye kuwinda basoda. Katikati yao, nguruwe. Batu balikuwa banakimbia mashamba, nguruwe wanakula viazi ya batu polepole, bila haraka, kama bafonctionnaire ba serikali. Njaa ilianza kuingia mu nyumba. Donc bawindaji ilibidi bapande, vita ao hapana vita.

Na mukubwa ya bawindaji ba Kipese alikuwa bwana yangu, Kambale. Mimi nilikuwa nauza Butembo juma yote, narudi kwetu posho, mwisho ya juma. Kambale alikuwa mutu ya maneno kidogo na kichwa nguvu. 

Adjudant, mukubwa wa basoda, alisimama inje ya kanisa, misa ikiisha, akitetemeka, mikono mu makwapa. Alikuwa mutoto ya inchi ya joto, kule kwenye mito mikubwa. Sauti yake ilikuwa ya redio yenye piles, zile betri, inaisha: "Bawindaji bapande, y'a pas de problème, hakuna shida. Mais mutu yoyote nitaona kule juu na koti ya rangi ya majani, kwangu ni adui. Ni-na-pi-ga. Bo yoki? Mumesikia?" Kiisha akaongeza, kwa yeye peke yake: "Malili oyo ekoboma biso." Baridi hii itatuua. Niliona ile ya mwisho njo aliisema na roho yote.

Sasa sikieni shida. Mu baloti, koti yenye moto kushinda zote ni ile ya kisoda ya Ulaya: ya rangi ya majani, na kofia, na manyoya ku shingo. Bawindaji balikuwa banaitaka hiyo tu. Ukivaa hiyo, basoda banakupiga. Ukivaa ingine muzuri ya cuir, ile ngozi, ao ya bleu yenye kungaa, haupigwi, lakini ku barière, kizuizi cha basoda ku njia, banakuambia "tosha, vua," na unapanda mulima na singileti. Koti ya wakati ya vita ilibidi ikuwe na moto, isifanane na ya soda, na ikuwe mbaya kabisa hata mwizi aone haya.

Nilienda Beni. Bamama balikuwa bametupa kando makoti ya banamuke ba Ulaya benye kuteleza ku theluji. Nzito, laini, haina kwaa-kwaa. Yote ya roze, rangi ya waridi. Si roze ya aibu, hapana: roze ya kelele, roze ya keki ya anniversaire ya mutoto. Mukanda ku kiuno, maua ku mufuko. Nilitundika mu moshi mupaka inuke muzuri, nikapeleka Kipese.

Kambale alitazama yake, akagusa maua ku mufuko. Kiisha: "Kanyere. Mimi nimeua nguruwe na mukuki, yeye ananitazama macho kwa macho. Unataka akifa akuwe anacheka?"

"Akuwe anacheka," nikasema, "kuliko mimi nikuwe nalia."

Alivaa. Bengine bakavaa, banafuata mukubwa wao. Balipita ku barière mulongo moja, na mikuki, na bambwa, kengele za bambwa zimejazwa majani zisilie. Adjudant alicheka mupaka akashika mulingoti ya barière. "Mama na ngai, mama yangu! Bamaman ba mission! Pita, pita!" Haikuchukuliwa hata koti moja. Baliua nguruwe mbili. Mimi, nilitembea Kipese kama mama ya gouverneur. Kila mutu alikuwa ananisalimia, na kila mutu nilimwambia: "Njo akili hiyo." Mara moja nilimwambia hata mutu mwenye hakuniuliza.

Akili ilidumu mupaka mvua kubwa. Baridi ilishuka, basoda balikuwa banalala mu nyumba ya bati na kakitambaa kembamba. Siku moja, mimi niko ku meza Butembo, Kahindo, muuza-viazi wa Kipese, anakuya anacheka toka mbali. Yeye anachekaka na kukohoa, hivi: "Kha-kha! Mama Kanyere! Basoda… kha!… balichukua makoti ya roze mu nyumba ya batu! Ile yenye ilikuwa ya akiba! Wanalinda barière kama maua ya kanisa! Adjudant mwenyewe, yake iko na manyoya!" Nilicheka naye. Kiisha akasema: "Mais bale ba pori bamesema sasa ni rahisi. Kila roze banaona, ni soda, banapiga."

Kicheko changu kilibaki mu mudomo kama mufupa ya samaki.

"Kahindo. Kambale iko wapi?"

"Si balipanda jana, yeye na bengine. Juu sana, kwenye… E Nyamuhanga."

Lori yake ilikuwa inarudi saa ile. Niliruka ndani. Sikieni muzuri, ninyi banafunzi: meza yangu ilikuwa imejaa makoti. Laine. Boti. Soseti kama mchanga. Na mimi, Mama Baridi, fundi ya mulima, nilipanda lori na kitenge, blouse ya mikono mifupi, na sapatu za plastiki. Njia yote nilikuwa naomba kwa Bikira Maria, na meno yangu inamujibu.

Kipese, mama mukwe alinitazama kutoka kilemba mupaka vidole. Sauti yake ni ya kukwangua chungu: "Wewe njo unavalishaka batu?" Akatoboa gunia ya maharagi, tundu ya kichwa, tundu mbili za mikono, akanivalisha. Gunia yenyewe ilikuwa coton.

Nilipanda. Ukungu ilikuwa imekaa mu mianzi, hauoni mukono yako. Sapatu moja ilibaki mu matope, ingine niliitupa kwa hasira. Sikuweza kuita jina, bale ba pori balikuwa mule fasi fulani. Basi nikafanya kile najua kufanya: niliiga. Nikalia kama mbwa ya Kambale, ile jike yenye kulialia ikikosa njia. Nililia, naenda na mikono na magoti, gunia inalowa, mimi nanuka maharagi. Nilisikia mianzi inavunjika. Nikainua kichwa. Mbele yangu, mukuki. Nyuma ya mukuki, roze.

"Usipige! Mujinga, ni bibi yako!"

Kambale alishusha mukuki. Alinitazama, matope, gunia, nywele. Bengine bakatokea mu ukungu, bote ba roze, kama ndoto ya homa. 

"Nilijua si nguruwe," bwana yangu akasema. "Nguruwe anajua kuvaa."

Nilimwambia ile nilikuya kuambia, meno inagongana. Hakuna mwenye alicheka tena. Koti zilikuwa na kitambaa cheusi ndani; bakageuza, ndani ikakuwa inje, na mishono yote. Lakini ya Kambale alishaitosha na kunivalisha mimi, yeye akachukua gunia yangu. Nilimwambia: geuza hii pia. Nikajaribu: ndani yake, ile moja, ilikuwa roze kushinda inje. Kuitosha, ningekufa na baridi mbele ya kufika ku njia kubwa. Kuivaa, mu ukungu, mutu wa pori ataona tu rangi.

Kambale aliongea polepole: "Rangi batakuona. Basi basikie pia. Soda hatembei na bibi mwenye kumutukana."

Batoto bangu, hiyo safari! Toka juu mupaka chini nilimutukana bwana yangu na sauti yote, Kinande na Kiswahili, na Mungu anisamehe, sikukosa maneno. Nilimutukana juu ya mbuzi aliuza bila kuniuliza. Juu ya dada yake. Juu ya kukoroma, na niliiga kukoroma. Nilimwiga mama yake mbele ya batu bote. Yeye alikuwa anatembea mbele na gunia, anasema tu: "Zidisha. Zidisha kidogo." Na kweli, vraiment, kuko maneno yalikuwa yanangojea myaka.

Ku kijito, bale ba pori balitoka mu mianzi, bunduki mbele. Mukubwa wao alikuwa na mafua, sauti kama chura. Alitazama mukuki, bambwa, nguruwe moja ku muti. Kiisha akanitazama mimi, ile roze.

"Wewe. Hiyi koti."

Nilishika mukanda ya koti. Kambale akasema: "Ni bibi yangu. Koti ni ya mwanamuke. Ungeweza kuona mukanda."

Yule mutu akatazama mukanda. Kiisha akapangusa pua.

"Tulikuwa tunawasikia toka kule juu," akasema. "Tulishaweka risasi. Mais mumoja wetu akasema: huyu hapana soda, kama ni soda angekuwa amemupiga huyu mama risasi ku ile neno ya mbuzi." Akamutazama Kambale, na ile huruma ya mwanaume kwa mwanaume. "Baba, pita. Pole kabisa." Bakachukua muguu moja ya nguruwe, tukapita. Nyuma yangu nilisikia ile sauti ya chura: "Mama! Koti kama hiyo, mutu anapataka wapi?"

"Butembo," nikasema bila kugeuka. "Usichukue ya rangi ya majani."

Roze sikuuza tena kwa bawindaji. Nilitafuta rangi ya kahawa, ya udongo, manguo ya bazee. Na kila mwindaji, mbele ya kumuuliza ukubwa ya kifua yake, nilikuwa nauliza: "Kule unaenda, nani atakuona?" Baridi inaua polepole, utapata nafasi ya kuota moto. Macho ya mutu haikungojei. Kama mutanisahau yote, hiyo mubaki nayo. Na ile ya uzi.

Kambale aliisha na uzee, mu kitanda, vita ilishapita. Mupaka mwisho, bageni bakikuya, alikuwa anasema, na mimi niko pale: "Huyu mama, alinitukana, nikapona." Mimi, vidole viwili vya muguu ya kushoto vinalala kila mvua, tangu ile siku ya sapatu. Hivyo njo diplôme yangu, Kavugho, andika muzuri.

Ile koti ilikuwa inatundikwa juu ya meza, na muliniuliza mara mingi sababu gani siiuzi. Nimeichukua kwangu sasa. Siku yangu ikifika, musinisumbukie na sanda. Munivalishe ile ya roze, mukaze mukanda, mutie na soseti mbili. Sijui kama kule kuko baridi. Lakini safari moja nilienda bila kuvaa, na bwana yangu, mwenye iko kule sasa, njo alinipokea na mukuki.